Ramani Iliyokunjwa Katikati ya Jarida

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakufunzi na wanagenzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti



Mada ya leo ni ndege ndogo zinazoongozwa kwa rimoti, pamoja na majarida yaliyowafundisha watu kuziunda. Huenda mzazi aliyeketi hapa akajiuliza ndege za kuchezea zina uhusiano gani na kijana wake anayesomea useremala au umeme. Swali hilo ni la haki, na jibu lake litachukua muda kidogo, kwa sababu kilicho muhimu hapa si ndege yenyewe. Ni namna mtu wa Uingereza au Marekani, asiye na mwalimu wala karakana kubwa, alivyoweza kuketi kwenye meza ya jikoni kwake akaunda bawa lililonyooka kwa kufuata karatasi iliyokuja na jarida la mwezi.

Majarida hayo yana umri. Model Airplane News lilianza Marekani mwaka 1929. Aeromodeller likafuata Uingereza mwezi Novemba 1935. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vifaa vya redio vilipopungua uzito, yakaja majarida ya ndege za rimoti peke yake: Radio Control Models & Electronics la Uingereza mwaka 1960, na R/C Modeler la Marekani mwaka 1963. Yalikuwa na matangazo mengi na picha za kuvutia, lakini msomaji alipofungua jarida alitafuta ramani kwanza. Wakati mwingine ramani ilichapishwa ndogo ukurasani, na ile ya ukubwa kamili ikaagizwa kwa posta. Wakati mwingine ilikuja imekunjwa ndani ya jarida lenyewe, karatasi kubwa ya kufunika meza nzima.

Huo ukubwa kamili ndio uliobeba kazi yote. Mjenzi hapimi kwa rula na kuhamisha vipimo kutoka karatasini kwenda kwenye mbao. Analaza ramani juu ya ubao uliosawazika, anaifunika kwa nailoni angavu ili gundi isishike karatasi, kisha anaweka vipande vya mbao juu ya mistari yenyewe na kuvibana kwa pini mpaka gundi ikauke. Ramani inakuwa mchoro na kiolezo kwa wakati mmoja. Kosa la milimita moja halina pa kujificha, kwani kipande kilichokaa nje ya mstari kinaonekana kwa macho kabla gundi haijashika.

Ubao wa chini nao una masharti yake. Ukipinda, bawa litapinda, na hakuna msasa utakaoliponya. Wajenzi wengi hutumia mlango wa zamani ulio bapa, wakaukagua kwa rula ndefu ya chuma kona hadi kona kabla ya kuweka chochote. Na kwa kuwa ramani nyingi zilichora bawa la upande mmoja tu ili kuokoa karatasi, majarida yaliwafundisha wasomaji ujanja mdogo: paka karatasi mafuta kidogo, mistari itaonekana upande wa nyuma, igeuze, ujenge bawa la pili. Ujanja huo haugharimu zaidi ya kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia.

Mbao iliyotumiwa ni ya balsa. Mti huo asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na nchi ya Ecuador ndiyo inayouza kwa wingi zaidi duniani. Hukua haraka sana, na mbao yake ni nyepesi kiasi kwamba fundi wetu aliyezoea mvule au mahogani akiishika mara ya kwanza hudhani ameshika sanduku tupu. Lakini vipande vya balsa havifanani, na hapa ndipo majarida yalipofanya kazi ya ualimu hasa.

Chukua kipande chembamba cha milimita 1.5, upana milimita 75, urefu milimita 900. Kikiwa cha balsa laini chenye uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, kitafika gramu 10. Kikiwa cha balsa ngumu ya kilo 200, kitafika gramu 20. Vyote viwili vimepangwa kwenye rafu moja dukani, vina bei moja na sura moja. Kwa hiyo mjenzi makini huenda dukani na mizani ndogo mfukoni. Vile vizito huviweka kando kwa ajili ya mhimili wa bawa unaobeba mzigo, na vile vyepesi huvipeleka mkiani.

Kwa nini mkiani? Ndege husawazishwa juu ya nukta moja, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ikiwa mkia uko mbali na nukta hiyo mara tatu ya umbali wa pua, basi kila gramu moja iliyozidi mkiani itadai gramu tatu za risasi puani ili mizani irudi. Gramu 10 za uzembe huko nyuma zinakuwa gramu 40 kwa ndege nzima. Pasina sawazisho hilo hakuna urubani utakaosaidia: ndege yenye pua nzito huruka kwa uvivu na kutua kwa kishindo, bali yenye mkia mzito hunyanyuka ghafla, husimama hewani, kisha huanguka, na mara nyingi safari yake ya kwanza ndiyo ya mwisho. Hesabu hii ni ya darasa la saba, ila haijawahi kufundishwa vizuri zaidi kuliko kwa mtu aliyeokota vipande vya kazi yake ya miezi miwili majanini.

Kuna pia suala la namna gogo lilivyopasuliwa. Mbao iliyopasuliwa kwa kufuata duara za shina hupinda bila kuvunjika, hivyo inafaa kuzungushia kiwiliwili. Iliyopasuliwa kutoka kwenye kiini kuelekea ganda hukataa kupinda, na uso wake huwa na madoadoa yanayometa. Hiyo ni ya mbavu za bawa. Seremala yeyote aliyewahi kuona ubao wa saiprasi ukijikunja baada ya wiki mbili juani anaijua tofauti hiyo mkononi, hata kama hajawahi kuiona imeandikwa. Majarida yaliiandika, yakaichora, yakaipa herufi A, B na C, na mgeni wa kazi akaweza kuagiza kwa herufi.

Kisha kuna mbavu zenyewe. Bawa lenye upana mmoja kutoka shinani hadi nchani huhitaji mbavu zinazofanana kabisa, pengine kumi na mbili, pengine ishirini. Kuzikata moja moja kwa kisu ni kukaribisha mbavu ishirini za maumbo ishirini. Njia iliyorudiwa miaka nenda miaka rudi kwenye kurasa hizo ni hii: kata violezo viwili vya plaiwudi kwa umbo halisi la ubavu, uvisawazishe mpaka vifanane. Kata vipande vya balsa vikubwa kidogo kuliko umbo. Panga vipande vyote katikati ya violezo viwili kama mkate uliowekwa kati ya sahani mbili, toboa matundu mawili, kaza kwa boliti. Sasa piga randa na msasa juu ya rundo lote mpaka ufikie plaiwudi pande zote. Kata nafasi ya mhimili kwa msumeno mara moja tu, kupitia mbavu zote. Ukifungua boliti, zinatoka mapacha.

Mwanagenzi wa useremala anayetengeneza miguu ya viti ishirini vya chekechea ana tatizo lilelile na dawa ni ileile.

Msasa usishikwe kwa vidole. Vidole ni laini, hufuata mabonde badala ya kuyaondoa, na huchimba mbao laini huku zikiruka ngumu. Gundisha msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, au kwenye chuma cha pembe, na urefu wake uzidi nafasi kati ya mbavu tatu. Vaeni barakoa. Vumbi la balsa ni jepesi, hukaa hewani muda mrefu, na mapafu hayana kichujio cha kubadilisha.

Gundi huchaguliwa kulingana na kazi ya kiungo. Gundi nyeupe ya mbao inatosha sehemu kubwa ya bawa. Hukauka polepole na kumpa mjenzi nafasi ya kusahihisha. Supagluu hushika kwa sekunde, hufaa pale viungo vinapokutana bila mwanya, lakini ni ngumu kupigwa msasa kuliko balsa inayoizunguka, kwa hiyo huacha vijilima. Epoksi huwekwa mahali mota inapofungwa na mahali miguu ya magurudumu inaposhika, kwa sababu hapo ndipo pigo hutua. Anayepaka epoksi ndege nzima kwa kudhani anaiimarisha anaiongezea uzito tu. Hili lilirudiwa kwenye majarida kwa miaka mingi, na bado kila kizazi cha wajenzi wapya huliwaza upya kama vile halijawahi kusemwa.

Bawa likishakauka hufunikwa, zamani kwa karatasi nyembamba iliyopakwa vanishi maalumu, siku hizi kwa plastiki nyembamba inayojivuta ikipigwa pasi. Kila kifuniko kinavuta mbao, na bawa lililokuwa limenyooka laweza kupindwa na kifuniko chake. Hivyo fundi hulilaza tena juu ya ubao baada ya kulifunika, akachungulia kutoka nyuma kwa jicho moja. Pale ncha za bawa zilipokusudiwa kupinda kidogo, ukingo wa nyuma ukiwa umeinuliwa digrii mbili au tatu, anahakikisha kulia na kushoto ni sawa. Mpindo huo mdogo hufanya ncha za bawa ziwe za mwisho kupoteza nguvu ya kunyanyua ndege ikipunguza mwendo, na ndege haiangukii ubavu. Jambo dogo kama hilo mjenzi hawezi kulikisia. Ni lazima aambiwe, au aandikiwe.

Upande wa umeme una historia yake. Ndugu pacha Walter na William Good wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, walirusha ndege yao iitwayo Guff kwa kuiongoza kwa redio mwaka 1937, na leo ndege hiyo imehifadhiwa na jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian. Waliofuata nyayo zao hawakuwa na duka la kununua kipokezi. Majarida yalichapisha michoro ya saketi, na msomaji akanunua vipuri akalehemu mwenyewe. Rimoti za mwanzo zilikuwa na kitufe kimoja tu. Kukibonyeza kulipeleka usukani wa mkia upande mmoja, kukiachia kukaurudisha katikati, kukibonyeza tena kukaupeleka upande wa pili, nguvu yote ikitoka kwenye ukanda wa mpira uliosokotwa ndani ya kiwiliwili. Aliyesahau mara ya mwisho alibonyeza upande gani alikuwa na sekunde chache za kukumbuka kabla mti haujamkumbusha.

Rimoti zilizokuja baadaye, zile zinazofuata mkono wa rubani kwa kiasi, zilikuwa na udhaifu mwingine: watu wawili wakiwasha masafa mamoja kwenye uwanja mmoja, ndege moja ilianguka, pengine zote. Vilabu vikaweka ubao wa vibanio. Kila masafa yalikuwa na kibanio chake kimoja, na asiyekuwa nacho mkononi hakuruhusiwa kuwasha rimoti. Tangu katikati ya miaka ya 2000 redio za gigahezi 2.4, zinazojitafutia nafasi zenyewe, zimeondoa hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo desturi ya kupima umbali wa redio kabla ya kuruka imebaki, na ibaki.

Yuko mtu mmoja ambaye kisa chake kinastahili kuelezwa taratibu. Jina lake Maynard Hill, Mmarekani. Alitaka ndege ya modeli ivuke Bahari ya Atlantiki. Kanuni za kimataifa za rekodi haziruhusu modeli izidi kilo 5 ikiwa na mafuta yake. Kilo tano ni mfuko wa kati wa mchele. Ndani ya uzito huo alitakiwa kuweka mbao, mota, redio, kifaa cha kujiongoza kwa setelaiti, na mafuta ya kwenda zaidi ya kilomita 3,000.

Hill alikuwa na umri wa miaka 77. Kisheria alihesabiwa kipofu, na masikio yake yalikuwa mazito. Kazi aliijua kwa mikono, akisaidiwa na marafiki waliokuwa macho yake. Ndege zilizotangulia hazikufika. Agosti 9, 2003, huko Cape Spear, Newfoundland, aliirusha kwa mkono ndege ya tano, iliyojengwa kwa balsa na kufunikwa kwa plastiki, upana wa mabawa yake ukiwa chini kidogo ya mita mbili. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa mafuta, yale yanayotumika kwenye taa za kambini. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilionekana juu ya pwani ya Ireland, karibu na Clifden. Rubani aliyekuwa akiisubiri aliishika kwa rimoti, akaitua. Matone machache ya mafuta yalikuwa yamebaki.

Ndege hiyo iliitwa Spirit of Butts' Farm, kwa jina la shamba la Maryland ilikofanyiwa majaribio. Wengi husifu mtambo wa setelaiti uliokuwa ndani yake. Sifa hizo zinastahili, lakini mtambo huo ungebebwa na nini kama gramu hazikuhesabiwa moja moja kwenye mbavu, kwenye mhimili, kwenye gundi? Injini ilirekebishwa ili inywe mafuta kidogo mno, na kila kilichookolewa kwenye mbao kikawa kilomita.

Sasa habari isiyopendeza. Majarida yamepungua. R/C Modeler lilifunga baada ya miaka zaidi ya 40. Flying Models, nalo la Marekani, lilifunga mwaka 2014. Viwanda vinauza ndege za povu zilizokamilika, zinatoka kwenye boksi na kuruka siku hiyohiyo, na anayetaka kujifunza hutazama video. Video ina faida yake. Inaonyesha mkono unavyokwenda, jambo ambalo picha tuli hushindwa. Lakini video hailazwi mezani. Haina kipimo cha kuweka kipande cha mbao juu yake, na baada ya mwaka mmoja mtu hakumbuki ilikuwa dakika ya ngapi. Ramani ya ndege iitwayo Tomboy, kazi ya Mwingereza Vic Smeed, ilitoka mwaka 1950, na hadi leo wapo watu wanaoijenga kutoka kwenye mistari ileile.

Maelfu ya ramani za zamani yameskaniwa na yanapatikana kwenye intaneti, nyingi bila malipo. Ziko pia ramani mpya za ndege za fomubodi, ile karatasi nene yenye povu katikati inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na ofisi. Hizi zinagawanywa kwenye kurasa za A4 ambazo mtu huchapisha na kuziunga kwa selotepu. Hapa pana mtego. Printa nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili utoshee ndani ya pambizo. Ikipunguza hadi asilimia 96, bawa la milimita 1,000 litatoka milimita 960, na nafasi iliyochorwa kwa fomubodi ya milimita 5 haitapokea fomubodi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, tafuta kwenye ramani mstari wa kupimia, weka rula ya chuma juu yake. Kama mstari wa milimita 100 hausomi 100, rudi kwenye mipangilio ya printa. Karatasi iliyoharibika ni bei rahisi kuliko fomubodi.

Balsa haipatikani kwenye hadiwea za miji yetu, na kuiagiza ni gharama. Fomubodi, gundi ya moto na vijiti vya mianzi vinatosha kwa somo la kwanza. Mianzi iliyopasuliwa vizuri ni mhimili mzuri, na wanagenzi wengi wanajua kuipasua. Ni jambo la kuvutia pia kwamba Kenya ina mti mwepesi wa aina hiyo: ule unaoota majini, ambao jamii ya Ilchamus imeutumia tangu zamani kuundia mitumbwi yake ya Ziwa Baringo. Hilo halisemwi ili mtu akimbilie kuukata. Linasemwa ili mkufunzi akumbuke kwamba kuchagua mbao kwa uzito wake si elimu iliyotoka ng'ambo pekee.

Usalama uko katika mambo matatu ambayo hayana mjadala. Propela ya mota ya umeme hukata vidole bila kutoa onyo, kwa sababu mota haingurumi kabla ya kuanza. Propela ifungwe mwisho kabisa, na majaribio ya mezani yafanywe ikiwa imeondolewa. Betri za lithiamu hazichajiwi zikiachwa peke yake, hazichajiwi juu ya meza ya mbao, na iliyovimba haichajiwi tena hata mara moja. Kila seli ikomee volti 4.2 na isishuke chini ya volti 3. La tatu ni ruhusa. Kenya ina Kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya anga visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chuo chochote kinachofikiria kurusha kitu chenye mota na rimoti kiiandikie Mamlaka kwanza, kabla hata ya kununua vifaa, na kisirushe mpaka kijibiwe. Wakati wa kusubiri, wanagenzi wanaweza kujenga ndege isiyo na mota, ya kurushwa kwa mkono ndani ya uwanja wa chuo, na kujifunza kusawazisha: irushe majanini, tazama inavyoanguka, rekebisha kitu kimoja, irushe tena. Anayerekebisha vitu viwili kwa mpigo hajui kipi kilichosaidia.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Majengo na mashine huonekana na huhesabiwa. Kisichohesabiwa kirahisi ni kile anachojua mkufunzi aliyekaa kwenye karakana moja kwa miaka ishirini: kwamba randa ile huvuta kushoto, kwamba mlango wa aina fulani huhitaji bawaba ya tatu, kwamba jiko la mabati hupasuka pale pale kila mara na namna ya kulizuia. Mkufunzi huyo akistaafu au akihamishwa, mrithi wake huanza na mlango uliopasuka. Wajenzi wa ndege ndogo hawakuwa na chuo wala mkufunzi, na bado maarifa yao yamepita kutoka kizazi hadi kizazi kwa sababu ilikuwa desturi kwamba aliyefaulu alichora, akaandika hatua kwa mpangilio wake, na kutaja palipomshinda.

Pendekezo lililo mbele ya kikao hiki ni dogo na halihitaji bajeti mpya. Kila karakana ichague kitu kimoja inachokitengeneza vizuri, iwe dawati, toroli, fremu ya dirisha au ndege ya fomubodi, na ikichore kwa ukubwa kamili kwenye karatasi kubwa. Kando ya mchoro iandikwe orodha ya vifaa na uzito wake, hatua za kazi kwa zamu yake, aina ya gundi, skrubu au uchomeleaji kwa kila kiungo, na mstari wa kupimia wa milimita 100 ili nakala yoyote ikaguliwe. Vyuo vibadilishane karatasi hizo kila muhula. Chuo kitakachopokea kijenge kwa kufuata karatasi tu, bila kupiga simu kuuliza. Pale kitakapokwama, karatasi ndiyo iliyopungukiwa, na irudishwe ikiwa imewekwa alama ya kalamu nyekundu.

Kona ya chini upande wa kulia iandikwe jina la aliyechora na tarehe. Chini yake iachwe nafasi tupu, upana wa kiganja, kwa ajili ya mjenzi atakayefuata kuandika alichobadilisha na kwa nini.